Kwa Nini Duka Letu Halinunui Simu Isiyojulikana Ilikotoka

Mara kwa mara hufika dukani kwetu, hapa Kariakoo, mtu mwenye simu nzuri mkononi anayetaka kuiuza siku hiyo hiyo, kisha huondoka amekasirika kwa sababu tumemwomba kitambulisho, tumemwuliza risiti au boksi la simu, na tumemtaka aifungue simu yenyewe kwa nywila yake mbele yetu. Wengine hutuambia waziwazi kwamba kuna maduka yasiyo na maswali hayo. Ninyi mnaotuuzia simu na mnaonunua kwetu mna haki ya kuelezwa kwa kirefu sababu ya utaratibu huu, kwa maana chimbuko lake ni sheria ya jinai, na sheria hiyo inamgusa mnunuzi wa kawaida kuliko watu wengi wanavyodhani.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania, inamtia hatiani mtu yeyote anayepokea au kubaki na mali huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba mali hiyo iliibwa au ilipatikana kwa njia nyingine ya jinai. Adhabu ya kosa hilo inaweza kufika kifungo cha miaka 10. Kwa wenzetu wa Kenya, kifungu cha 322 cha kanuni yao kinaipeleka adhabu hadi miaka 14. Wateja wengi tunaozungumza nao wanafahamu habari ya kujua, na wanaamini kwamba mtu akisema hakujua, basi shauri limekwisha. Maneno yanayowanasa watu ni yale yanayofuata, yaani kuwa na sababu ya kuamini. Mahakama haiwezi kuingia moyoni mwa mnunuzi, kwa hiyo hutazama mazingira ya ununuzi na kujiuliza kama mtu mwenye akili timamu, akiwa mahali pale na mbele ya muuzaji yule, angeweza kukosa shaka. Simu ambayo dukani ni shilingi laki nane, ikauzwa kwa laki moja na nusu, usiku, kwenye kituo cha daladala, bila chaja wala boksi, na mtu anayekataa kutaja jina lake, inatoa ushahidi wa kutosha hata kabla mnunuzi hajafungua kinywa.

Lipo pia kosa jingine, ambalo vijana wanaobeba simu mbili tatu za biashara wanapaswa kulielewa vizuri. Mtu aliyesimamishwa na kupekuliwa na polisi, akakutwa na kitu kinachoshukiwa kwa sababu za msingi kuwa ni cha wizi, anaweza kushtakiwa kwa kukutwa na mali hiyo, naye hutakiwa kuiridhisha mahakama kwamba hakuiiba wala hakuipata kinyume cha sheria. Kwa kawaida katika kesi za jinai mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka, lakini hapa maelezo ya aliyekutwa na kitu ndiyo yanayobeba uzito. Mwenye risiti au hati ya mauziano huyatoa maelezo hayo kwa dakika moja. Asiye nayo hubaki na masimulizi tu, na masimulizi ya mtu aliyeshikwa ghafla mara nyingi hupishana na yale atakayoyatoa kesho yake.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania nayo imeshaeleza katika hukumu zake kanuni ya mtu kukutwa na mali iliyoibwa karibuni. Ikithibitika kwamba mali ilikutwa kwa mshtakiwa, kwamba ni ya mlalamikaji bila shaka yoyote, kwamba iliibwa muda si mrefu uliopita, na kwamba ndiyo hiyo inayotajwa katika shtaka, mahakama inaweza kuhitimisha kwamba aliyekutwa nayo ndiye mwizi au ndiye aliyeipokea kutoka kwa mwizi, asipotoa maelezo yanayoaminika. Simu hupita mikononi mwa watu haraka sana, hivyo muda wa ukaribu huo kwa simu si sawa na muda wa kitu kama trekta. Jambo hili linatuhuzunisha kwa dhati, kwa kuwa simu inaweza kuporwa asubuhi kwa kutumia panga, na jioni kijana aliyetafuta unafuu tu akajikuta anahojiwa kuhusu unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa ambalo adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30.

Hata pale mnunuzi anapoonekana kuwa hana hatia, simu haibaki kwake. Msingi wa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ni kwamba mtu hawezi kuuza haki asiyokuwa nayo, na kwa kuwa mwizi hakuwa mmiliki, aliyenunua kwake, na aliyenunua kwa huyo aliyenunua, wote hawakupata umiliki. Mwenye mali hurudishiwa mali yake. Mnunuzi hubaki na haki ya kumdai muuzaji wake, na haki hiyo haina manufaa yoyote ikiwa muuzaji anajulikana kwa jina la utani tu na namba yake ya simu imeshazimwa. Ndiyo maana kila simu iliyotumika tunayouza huambatana na risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, yenye jina la duka, pamoja na karatasi inayoonyesha aina ya simu, namba zake za IMEI, yaani namba za utambulisho wa kifaa, na tarehe. Wito wa Mamlaka ya Mapato Tanzania, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, umezoeleka kama jambo la kodi, lakini kwetu risiti hiyo ni kinga ya mnunuzi kabla ya kuwa kitu kingine chochote.

Sasa tueleze tunachofanya simu inapowekwa mezani. Kwanza tunabonyeza *#06#, na namba ya IMEI yenye tarakimu 15 hujitokeza. Simu ya laini mbili hutoa namba mbili. Tarakimu 8 za mwanzo hutaja modeli ya simu, 6 zinazofuata ni za kifaa hicho pekee, na ya mwisho ni ya kuhakiki zilizotangulia. Kisha tunaituma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo hurudisha jina la kampuni na modeli iliyosajiliwa kwa namba hiyo. Jibu likitaja modeli tofauti na simu iliyo mkononi, basi ama simu ni bandia, ama kuna mtu aliyeichezea namba yake, na kubadili namba hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Tunalinganisha pia namba inayoonekana kwenye kioo na ile iliyochapishwa kwenye boksi. Wenye kumbukumbu wanaukumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchi nzima, na wanunuzi waliokuwa wamelipa fedha halali wakabaki na vifaa visivyoshika mtandao.

Baada ya hapo tunamwomba muuzaji aondoe akaunti yake ya Google au ya Apple mwenyewe, mbele yetu. Kwetu hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko risiti, kwa sababu risiti hupotea, na watu waaminifu kabisa hupoteza maboksi. Akaunti ni ya mtu, na mwenye simu huijua nywila yake au anayo njia ya kuirejesha. Siku moja alikuja kijana mtaratibu, mwenye simu ya bei kubwa, akasema ni ya dada yake aliyesafiri. Tulimwomba ampigie dada huyo ili atusomee nywila au athibitishe kwa sauti. Akasema atarudi, na hatukumwona tena. Hatuna uthibitisho kwamba aliiba, wala hatumtuhumu. Lakini kama tungeinunua simu ile, sisi tungekuwa tumeshaipata ile sababu ya kuamini ambayo sheria inaisema. Kwa msingi huo huo, mafundi wetu hawaondoi kufuli la akaunti kwenye simu ambayo aliyeileta hawezi kuonyesha kuwa ni yake, hata akitoa malipo ya ziada.

Kuhusu bidhaa bandia, sheria hapa nchini ni Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, ambayo maofisa wake hukagua maduka, hukamata mizigo na kuiteketeza. Chaja au betri yenye nembo ya kughushi ni hatari kwa nyumba ya mteja, na kwa muuzaji ni kosa la jinai. Tunavyo vifaa vya bei nafuu visivyo na jina kubwa, na tunaviita hivyo hivyo. Hatutabandika jina la kampuni maarufu kwenye kifaa ambacho kampuni hiyo haikukitengeneza.

Wapo wanaohofia kutuachia taarifa zao, na hofu hiyo ni ya haki. Tunaandika jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu ya muuzaji katika daftari linalofungiwa kabatini, na hatuzitumii taarifa hizo kwa matangazo wala kumpa mtu wa kando, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatubana sisi pia. Daftari hilo hufunguliwa polisi wanapofika na hitaji la kisheria.

Limebaki swali tunaloulizwa kwa sauti ya chini: nifanye nini ikiwa simu niliyo nayo tayari nimegundua ni ya wizi? Kumbukeni kwamba sheria inataja kupokea na pia kubaki na mali. Aliyenunua kwa nia njema, kisha akapata habari za kweli kuhusu simu hiyo, akaamua kuendelea kuitumia au kumuuzia mwingine, anaanza kuingia katika kosa ambalo mwanzoni hakuwa nalo. Msimrudishie aliyewauzia mkamaliza mambo mtaani, na msiifute kwa fundi. Ipelekeni kituo cha polisi pamoja na kila kinachoonyesha mlivyoipata, yaani ujumbe wa muamala wa fedha, mazungumzo ya simuni, na majina ya walioshuhudia, na mkiona haja mtafute wakili kabla ya kuandika maelezo. Ikiwa simu hiyo ilitoka dukani kwetu, njooni kwanza na risiti yake. Tutaongozana nanyi hadi kituoni tukiwa na ukurasa wa daftari unaomtaja aliyetuuzia, na fedha zenu tutazirudisha.