Kifafa: tazameni kilichoanza, povu ni la mwisho

Mhariri,

Mtu akianguka kifafa mwaloni Kirumba au Igombe, wanaomshuhudia hukumbuka povu na kelele. Wakimfikisha hospitali wanasema, "Alianguka tu." Ni sawa na kumpelekea fundi injini ya boti ukamwambia imezima, basi. Daktari anazihitaji zile sekunde chache za mwanzo, na mara nyingi mgonjwa mwenyewe hazikumbuki.

Umuhimu wake ni huu: ubongo si uji, kwamba kila kijiko kina ladha ileile. Kila sehemu ina kazi yake, na kifafa ni umeme wa chembe za ubongo unaofyatuka kwa pamoja kupita kiasi. Ukianzia sehemu inayoendesha mkono, kidole gumba hutangulia kutikisika. Katika karne ya 19 daktari Mwingereza John Hughlings Jackson alifuatilia safari hiyo: kidole, kiganja, mkono, kisha uso. Mwilini mkono na uso viko mbalimbali, lakini juu ya ubongo ni majirani. Alikisia ramani hiyo kwa kutazama wagonjwa tu. Mwaka 1870 madaktari Fritsch na Hitzig, huko Ujerumani, waligusa ubongo wa mbwa kwa umeme na miguu ikacheza, ikaonekana kisio lake lina msingi. Kumbuka pia kwamba njia zinapishana: mkono wa kulia ukianza, tatizo liko upande wa kushoto wa ubongo.

Umeme ukianzia ndani ya ubongo usawa wa sikio, hakuna kutikisika mwanzoni. Mtu hupatwa na hofu ya ghafla, hunusa kitu kinachoungua ambacho hakipo, au huona kana kwamba jambo hili lilishatokea. Kisha hukodoa macho, hutafuna mate na kuchezea vifungo vya shati. Hapo ndipo majirani wanapotaja mapepo. Hofu hiyo ni ya kweli kwake. Imewashwa na umeme mahali palepale panapotengeneza hofu ya kila siku. Eneo hilohilo hutunza kumbukumbu: mwaka 1953, Marekani, Henry Molaison alikatwa sehemu hiyo pande zote mbili ili kifafa kipungue. Kilipungua, lakini hakuweza tena kushika kumbukumbu mpya za maisha yake, ingawa mikono yake iliendelea kujifunza ustadi mpya. Ndivyo ilivyojulikana kwamba kumbukumbu haina ghala moja.

Kwa hiyo shahidi atazame: kilianza kiungo gani, upande gani? Macho na kichwa viligeukia wapi? Alisema nini kabla? Baadaye mkono upi ulibaki legevu? Mwenye simu arekodi na kumwonyesha daktari, si kurusha kwenye magrupu.

Wakati huohuo angalia saa. Ondoa mawe, nyavu na jiko. Mvute mbali na maji. Usimkandamize, bega linaweza kuteguka. Usitie kijiko mdomoni: ulimi haumezwi, ila jino huvunjika na kuziba koo. Kiatu cha kunusisha hakisaidii chochote. Mtikisiko ukikoma, mlaze ubavu ili mate yatoke, na usimpe maji mpaka azinduke kabisa. Ikipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, tafuteni usafiri haraka, maana kifafa kilichofika hapo mara nyingi hakikomi chenyewe. Povu haliambukizi.

Neno kuhusu kitimoto, maana hapa watu huchanganya. Nyama isiyoiva huleta tegu tumboni. Vifuko vya ubongoni, vinavyosababisha kifafa, hutokana na kumeza mayai ya tegu yatokayo kwenye kinyesi cha binadamu. Asiyekula nguruwe kabisa anaweza kuvipata kwa mboga au maji machafu, na choo kambini ni kinga ya ubongo pia.

Wavuvi wa dagaa hukesha usiku wa giza mfululizo, na kukosa usingizi huchochea kifafa. Mwenye kifafa kisichodhibitiwa afanye kazi ya kuanika, si ya mtumbwini. Asiache vidonge ghafla kwa sababu amekaa miezi bila kuanguka. Kuacha ghafla huweza kuleta kifafa kisichokoma. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo.

Akipangiwa kipimo cha umeme wa ubongo, afumue nywele, azioshe na asipake mafuta. Umeme unaosomwa juu ya ngozi ni kama maikrovolti 50, mara 30,000 chini ya betri moja ya tochi, na mafuta huvuruga usomaji. Majibu yakitoka safi, kifafa hakijakanushwa: kipimo huchukua nusu saa hivi, na umeme mbaya huenda haukufyatuka wakati huo. Hapo maelezo ya aliyeshuhudia, au ile video, ndiyo humwongoza daktari.

Msomaji,
Ilemela, Mwanza