Shoga angu, huo mkate haujachacha

Shoga angu,

Voisi noti yako nimeisikiliza mara mbili, ya pili nimecheka mpaka mtoto kaja kuniuliza mama vipi. Ati umeurudisha mkate dukani huko ugenini umemwambia muuzaji umechacha! Masikini yule muuzaji, sijui alikuelewaje. Haujachacha bibie, huo ni mkate wa chachu, ndivyo unavyotakiwa kuwa. Wanachanganya unga na maji wanauacha siku kadhaa, hamira ya asili na bakteria waliomo kwenye unga wenyewe wanaanza kazi, wale bakteria ndio wanaotoa asidi kama ile ya kwenye maziwa mgando, na ndio maana ukiuweka juu ya meza siku nne tano hauoti ukungu haraka kama mkate wetu ule laini. Kwa hiyo ulichokirudisha kilikuwa kizuri kuliko ulichochukua badala yake, ila sikulaumu maana mimi mwaka wa kwanza huku ughaibuni nilikuwa nautumbukiza kwenye chai kwanza ndo unapita, lile ganda lilikuwa linanikwangua kaakaa mpaka nashindwa kula kitu cha moto.

Halafu nikwambie kitu ambacho mimi kilinichukua muda kukubali. Tunachokililia sana sana ni sukari na mafuta. Ulimi wetu umelelewa na mkate mtamu, ukikutana na mkate wa unga, maji, chumvi na hamira basi unaona umepewa mbao. Kule Ireland mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilisema kabisa kwamba mkate wa sandwichi wa kampuni moja kwa mambo ya kodi hauhesabiki kuwa mkate wa chakula cha kawaida, kwa sababu sheria yao inataka sukari isizidi asilimia 2 ya uzito wa unga na ule ulikuwa na 10. Nilivyosoma nikasema hee, yaani mimi miaka yote ningekuwa nakula keki kisheria! Wafaransa nao tangu 1993 wana amri ya serikali kwamba mkate ukiuita wa kimila usitie madude ya kuongezea. Toscana kule Italia mkate wao wa asili hauna hata chumvi, sasa wewe unayelalamikia uchachu ungepelekwa huko ungefanyaje?

Na wala usidhani kila kigumu ni cha jana. Ule mweusi mzito unaosema unashika tumboni kama tofali ni wa unga wa rai, nafaka jamii ya ngano, rai haina ile nguvu ya kuvutika kama ngano kwa hiyo haiumuki sana, inakaa imeshikana vilevile. Ule wa kwenye plastiki ulio laini mno na hauna ladha yoyote, huo sasa ndio wa kiwandani. Waingereza mwaka 1961 walibuni njia ya kukanda unga kwa mashine kali sana dakika chache tu ili wasisubiri uumuke masaa na masaa, ndo maana ni laini ila ukitafuna unakuwa kama pamba iliyolowa. Mimi wa rai nimeuzoea nakata slesi nyembambaaa napaka siagi, nyembamba nasema, sio ule unene wako wa vidole viwili.

Eti umeuweka kwenye friji usikauke. Hapo umeuua. Wanga wa kwenye mkate ukikaa kwenye ubaridi wa friji unajipanga upya na kukakamaa haraka kuliko ungeuacha mezani, friza ndio inasimamisha hiyo kitu. Kata slesi, funga, tupa friza, ukitaka unatoa mbili unazipeleka tosta moja kwa moja. Na huo ambao ushakuwa jiwe usiutupe, unyunyizie maji kidogo uingize kwenye oveni ya moto dakika chache, utashangaa, ila ule hapohapo maana ukipoa tena umekwisha.

Sasa la kuoka mwenyewe, maana najua ndiko unakokwenda, umeshasema umenunua unga. Ngoja nikupe aibu yangu. Jumamosi moja nimekanda kwa mapenzi, vipimo vya kichwani vilevile vya siku zote, nimeweka oveni 180, nimekaa nasubiri harufu. Nusu saa hakuna kitu. Saa nzima, hakuna. Nafungua nakuta donge limepauka linanitazama. Kumbe oveni ya ile nyumba ilikuwa inasoma Fahrenheit, 180 yao ni kama 82 ya kwetu, nilikuwa naupa mkate sauna! Ilitakiwa 350. Nikarekebisha wiki iliyofuata, nikaoka tena, ukatoka na ladha ya ajabu na umepasuka pasuka, hapo sasa kosa lilikuwa unga, nilichukua ambao tayari umetiwa baking powda na chumvi kiwandani halafu mimi nikaongeza hamira na chumvi yangu juu. Pakiti inafanana kabisa bibie, soma maandishi yote.

Maana unga wa ngano sio mmoja. Wajerumani wanaandika 405, 550, 1050, Wafaransa wanaandika 55, 65, na zile namba hazikwambii nguvu ya unga, ni kipimo cha majivu yanayobaki unga ukichomwa, namba ikipanda ujue pumba nyingi zaidi zimebaki. Nguvu unaiangalia kwenye protini. Ya mkate unataka 12 hivi kwa kila gramu 100, ya 9 au 10 hiyo peleka kwenye keki na biskuti. Unga wenye protini nyingi unakunywa maji zaidi, kwa hiyo ukimimina maji kwa mazoea ya zamani donge linakuwa gumu, na ukipata unga dhaifu ukamimina yaleyale linakuwa uji. Nunua mizani, achana na vikombe, maana kikombe cha Marekani na kikombe cha kwingine sio sawa.

Kitu kingine haraka haraka kabla sijasahau, kwa vile najua huli nguruwe. Kwenye keki na vitu vya kukunja kunja vile uliza kama wametia shahamu, na vile vya krimu uliza pombe. Kwenye pakiti ukikuta E471, namba ya kiongezeo kinachotokana na mafuta, inaweza kutoka kwenye mimea au kwa mnyama, mara nyingi hawaandiki ipi, mimi nikiwa na wasiwasi naacha tu.

Wangu hawa watoto ndo wameshanisaliti, nikioka ule laini mtamu wanakula mara moja halafu wanauliza ule wa ganda uko wapi, wanagombania kile kipande cha mwisho chenye ganda pande zote. Mimi nakula wangu jikoni peke yangu na chai.

Haya, usiukande huo unga bado. Geuza pakiti, piga picha pale nyuma kwenye kijedwali penye protini, nitumie, ndo nikwambie maji kiasi gani.

Akupendaye,
Mimi wa siku zote