Seti ya "samaki wakubwa" isiyowatosha samaki wakubwa: barua ya malalamiko kutoka Tanga

Raskazone,
Tanga.
14 Machi 2024

Meneja Mauzo,
Idara ya Akwariamu na Samaki wa Mapambo.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SETI YA TANGI LA LITA 216 ILIYOUZWA KWA AJILI YA SAMAKI WAKUBWA SITA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 3 Februari mlituletea kwenye ukumbi wa mapokezi wa nyumba ya wageni tunayoisimamia tangi la kioo, stendi, kichujio cha ndani, hita ya wati 300, mfuko wa kilo 20 wa changarawe ya matumbawe, na samaki sita: oska wanne na frontosa wawili. Tumelipa Sh 1,450,000 na nakala ya stakabadhi imeambatishwa. Kipeperushi chenu kinasema seti hiyo "inatosha samaki wakubwa sita wa jamii ya perege maisha yao yote". Tunayolalamikia zaidi ni hayo matatu ya mwisho: maisha yao yote.

Tuanze na futi kamba. Tangi lina urefu wa sm 120, kimo sm 45, na upana wa mbele kwenda nyuma sm 40. Oska mzima hufika sm 30 na wengine hupita. Frontosa dume hufika hapo hapo, tena ana mwili wa kina na nundu kichwani. Ukitoa unene wa vioo na kichujio kilichobandikwa ukuta wa nyuma, upande ule inabaki nafasi ya kama sm 33. Samaki wa sm 30 akitaka kugeuka humo atakwaruza mdomo kwenye kioo cha mbele huku mkia unagonga cha nyuma, na kila siku atageuka mara mia. Hesabu ya lita peke yake hudanganya, kwa sababu tangi refu jembamba na tangi fupi pana yanaweza kuchukua maji sawasawa. Kwa samaki hawa kipimo cha kwanza kuulizwa ni huo upana wa kwenda nyuma, na chini ya sm 60 hatungemuuzia mtu.

Mliwaleta wakiwa na sm 6, wadogo kama dole gumba. Ni sawa na kumpimia mtoto kanzu ya madrasa ukamwambia ndiyo atakayoolea. Oska akila vizuri hukaribia sm 25 ndani ya mwaka wake wa kwanza. Mtumishi wenu tuliyempigia simu alijibu kwamba samaki hukua kadiri ya tangi lake. Maneno hayo yamezoeleka madukani, na ni uongo. Anayedumaa tangini anadumazwa na uchafu unaojikusanya katika maji machache, nitrati hasa, na utamjua: macho makubwa kuliko kichwa, tumbo limebonyea, mgongo umepinda. Anakufa mapema, basi mwenye tangi anadhani huo ndio umri wake. Oska aliyetunzwa huishi miaka kumi na zaidi.

Kipeperushi hicho hicho, ukurasa wa pili, kinataja na kuhe. Kuhe! Samaki wa Ziwa Tanganyika anayepita sm 60, mmoja wa wakubwa kabisa katika jamii yote ya perege duniani. Mahali pake ni ziwani, au kwenye sahani Kigoma. Tunaomba jina hilo lifutwe kabla hamjamuuzia mtu.

La pili ni maji, na hapa kosa ni kubwa kuliko la tangi. Mtu wa Tanga akisikia "jamii ya perege" anamwazia yule wa Pangani na Zigi, na hakosei, ni ndugu. Lakini undugu haufanyi maji yawe mamoja. Oska ni wa mito ya Amazon: maji laini, yaani yenye madini machache, pH (kipimo cha uchachu wa maji) kati ya 6 na 7.5. Frontosa ni wa Ziwa Tanganyika: maji magumu, pH kati ya 8 na 9, joto nyuzi 24 hadi 26. Mmewatia tangi moja, kisha mkaweka changarawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa tupu na kazi yake ni kupandisha pH na ugumu. Kipimo cha matone kilisoma 8.2 baada ya siku nne. Frontosa hakuwa na neno. Oska angeweza kuzoea polepole kama hilo lingekuwa tatizo lake pekee.

Halikuwa pekee. Karatasi yenu ya maelekezo inasema: "Jaza maji, washa kichujio, weka samaki baada ya saa 24." Saa 24 zinatosha klorini ya maji ya bomba kutoka ikiwa pampu ya hewa inafanya kazi. Kichujio hakikomai kwa saa 24. Samaki anatoa amonia kupitia matamvua na choo. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, na makundi hayo mawili huchukua wiki nne hadi sita kujaa kwenye sponji ya kichujio. Kabla ya hapo sponji ni sponji tu. Siku ya sita amonia ilisoma miligramu 2 kwa lita. Kwa pH 7 kiasi hicho kingekuwa kibaya bado kinavumilika, kwa kuwa sehemu kubwa ya amonia hukaa katika hali isiyo na sumu kali. Kwa pH 8.2 na maji ya nyuzi 30, zaidi ya asilimia 10 yake hugeuka sumu yenyewe, mara kumi na zaidi ya ilivyo kwenye pH 7. Kwa hiyo changarawe yenu ndiyo iliyoinoa sumu ambayo karatasi yenu iliizalisha. Samaki walipanda juu wakihema, matamvua mekundu kama damu, na siku ya nane oska mmoja na frontosa mmoja walikufa, ingawa nusu ya maji ilikuwa ikibadilishwa kila siku.

Maelekezo sahihi yangechukua mistari minne. Tangi liendeshwe bila samaki. Itiwe amonia isiyo na sabuni wala manukato hadi kipimo kisome miligramu 2. Ipimwe kila baada ya siku mbili na kuongezwa inaposhuka. Samaki waingie pale ambapo kiasi hicho kinaisha ndani ya saa 24 na nitriti nayo inasoma sifuri. Mwenye haraka achukue sponji chafu kutoka tangi kongwe lenye samaki wazima. Nyinyi mna matangi kongwe dukani. Sponji moja ya kwenu ingetosha.

Kichujio nacho kimeandikwa lita 600 kwa saa. Tulikinga jagi la lita moja mdomoni mwa pampu: lilijaa kwa sekunde 10, yaani lita 360 kwa saa, sponji ikiwa mpya. Namba ya kwenye boksi hupimwa pampu ikiwa tupu, haijawekewa sponji wala haipandishi maji. Oska hutafuna chakula na kutema unga wake kupitia matamvua, kwa hiyo ndani ya siku tatu sponji ndogo kama hiyo imeziba. Kwa samaki wa namna hii maji yapite kwenye kichujio mara nne au tano kwa saa, kwa kipimo halisi.

Kuhusu hita hatuna mengi. Kumuuzia mtu wa Tanga hita ya wati 300 mwezi Februari ni kumuuzia blanketi adhuhuri. Maji ukumbini yalikuwa nyuzi 30 bila msaada wa mtu. Maji ya nyuzi 25 hubeba hadi miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba 7.5, na samaki mwenye joto anahitaji nyingi zaidi. Kilichotakiwa ni feni ndogo ipulizayo usawa wa maji, ambayo hushusha nyuzi mbili au tatu, na pampu ya hewa yenye betri kwa ajili ya umeme ukikatika. Tena hita yenyewe ni ya kioo, na oska mkubwa huisukuma hadi ivunjike.

Sasa kioo. Mmetumia cha milimita 6 pasipo vipande vya kukaza ukingo wa juu. Laza rula ndefu ya chuma mbele, juu, tangi likiwa limejaa: katikati kioo kimetuna, na kwenye ncha za rula laini ya simu inapenya. Kwa urefu na kimo hicho kioo kianzie milimita 8, na 10 ndiyo hukupa usingizi. Pembe ya nyuma kulia ina silikoni ya tabaka mbili. Ya juu ni ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia kuvu, ambayo ni sumu kwa samaki, tena silikoni mpya haishikani na ya zamani. Ilipasa fundi akwangue yote kwa wembe, afute kwa spiriti, apake upya silikoni isiyo na dawa, na aiache wiki nzima kabla ya kutia maji.

Stendi ni ya chipubodi. Kwa unyevu wa bahari na maji yanayomwagika kila wiki, imeshavimba kwenye miguu miwili, na stendi ikipinda milimita chache ni sakafu ya kioo inayolipa.

Linalofaa kuwekwa kwenye kipeperushi ni hili: tangi la 180 × 60 × 60, lita 648, kioo cha milimita 12 chenye mikanda ya juu, kwa oska watatu ama kundi la frontosa sita wenye dume mmoja, wasichanganywe. Vichujio viwili vya nje vilivyoandikwa lita 2,500 kwa saa kila kimoja, ili kimoja kikifa kingine kiwepo. Na umeme ukikatika kwa saa nyingi vifunguliwe na kusuuzwa kabla ya kuwashwa, maana maji yaliyolala humo huoza na kurudi tangini. Stendi ya chuma iliyopakwa rangi ya kuzuia kutu, juu yake ubao na shiti ya povu gumu jeupe, kwa kuwa maji, vioo na mawe havitapungua kilo 800. Mawe yakae juu ya kioo cha chini kwanza, mchanga ufuate: samaki hawa huchimba, na jiwe lililokaa juu ya mchanga huanguka usiku. Mnunuzi aambiwe pia kwamba nusu ya maji kila wiki ni ndoo 16 za lita 20, kwa hiyo anahitaji mpira na simtanki kabla hajahitaji samaki.

Tunadai mrudishe Sh 1,450,000 zote na mlichukue tangi pamoja na vifaa vyake, au mtupatie tangi la vipimo tulivyotaja huku fedha hizo zikihesabiwa kuwa sehemu ya bei. Kipeperushi na karatasi ya maelekezo visiendelee kugawiwa vikiwa hivyo. Msipojibu ndani ya siku 14, barua hii na viambatisho vyake tutaipeleka Tume ya Ushindani, kwa kuwa maelezo ya kumpotosha mnunuzi yamekatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Oska watatu na frontosa aliyebaki tumeshawahamishia kwenye matangi mawili ya plastiki ya lita 500, kila jamii na maji yake, hao hatuwarudishi. Tangi la kioo ni tupu na limekaushwa. Mkija kulichukua njooni watu wanne na ubao wa kulilaza, wala msilinyanyue kwa ukingo wa juu, kwa sababu ile pembe ya nyuma kulia imeshaanza kuachia.

Wenu,
Wasimamizi wa tangi,
Raskazone, Tanga.

Viambatisho: nakala ya stakabadhi, kipeperushi, karatasi ya maelekezo, orodha ya vipimo vya maji, siku ya 1 hadi ya 20, picha nne za silikoni na stendi.