Safari ya kuijua nchi isiishie Dodoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Wiki mbili zilizopita mlichapa ukurasa wa likizo wenye ratiba ya siku saba ya kuizunguka Tanzania na familia: Arusha, Ngorongoro, Serengeti, kisha Zanzibar. Ni ratiba nzuri kwa anayeitaka, lakini kuizunguka Tanzania siko huko. Magharibi yote haikutajwa, hata mji mmoja. Mimi nimezaliwa Tabora na nimeolewa Ujiji, kwa hiyo nimeshindwa kunyamaza.

Kila mtoto wa shule anajua kwamba tuna kilele kirefu kuliko vyote Afrika, mita 5,895. Ni wachache wanaoambiwa kwamba ziwa lenye kina kirefu kuliko yote Afrika nalo ni letu, sisi na Kongo, Burundi na Zambia. Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Sisi wa ufukweni tunaishi zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, lakini sakafu ya ziwa hilo imeshuka chini kabisa ya usawa huo. Mtoto aliyeonyeshwa kilele cha Kibo aonyeshwe na ziwa.

Wanaokuja huku nao wanakuja kwa haraka, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mwaka juzi mdogo wangu alikuja kutoka Dar es Salaam na mumewe na watoto wawili. Walikuja kwa ndege, kwa siku tatu: ya kufika, ya kwenda kwa mashua Gombe kwenye hifadhi ya sokwe, ya kuondoka. Ilikuwa Agosti, na kusi linavuma. Alfajiri tukawa Kibirizi, ufukwe wa Kigoma zinakoondokea mashua, watoto wamevaa maboya ya rangi ya machungwa juu ya masweta, wamekalia mabegi. Nahodha alilitazama ziwa muda mrefu, kisha akaifunga tena kamba aliyokwisha kuifungua. "Mama, ziwa limechafuka. Leo hatutoki." Mdogo wangu akaninong'oneza, "Dada, tukimwongezea hela je?" Nikamwambia hapa hela haiingii, huyu ana wanawe na sisi tuna wetu.

Kesho yake ndege ikawachukua. Yule mkubwa, mwenye miaka 16, alikuwa amesoma mwezi mzima habari za Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, jinsi alivyoshuka Gombe Julai 1960 akiwa binti wa miaka 26. Aliondoka Kigoma bila kumwona sokwe hata mmoja. Na hata kama tungetoka, mdogo wake wa miaka tisa asingepandishwa mlimani. Watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata sokwe, wala mtu mwenye mafua, kwa sababu magonjwa yetu huwaambukiza. Hilo tulilijua palepale ufukweni, wakati lilikuwa la kuulizwa kabla hata tiketi haijakatwa.

Anayekuja ziwani basi aweke siku moja au mbili za akiba, asizipangie kitu. Ziwa likitulia atazitumia Ujiji, na hatajuta.

Tena, anayeweza aje kwa reli. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inafika Dodoma, na naona watu wengi wanashukia hapo wakaona wameimaliza nchi. Kutoka Dodoma kuja huku ipo reli ya zamani, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Haiendi kila siku, kwa hiyo mtu aulizie kwanza siku za treni ndipo aombe likizo. Wengi wanafanya kinyume chake, kisha wanalaumu. Na akifika Tabora, ashuke. Wasafiri wengi wanapita Tabora usiku wamelala, nao ndio mji ambao njia zote za misafara zilikutana: kutoka Bagamoyo, kwenda Ujiji, kwenda Karagwe na Uganda. Kule Kwihara kuna tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi. Katika mji huu Mtemi Isike aliwakatalia Wajerumani mpaka dakika ya mwisho, akajilipua ndani ya ngome yake mwaka 1893 asiangukie mikononi mwao. Shule aliyosoma Nyerere ipo, bado ina wanafunzi.

Stanley mwenyewe, aliyekuja kumtafuta Livingstone, alikwama Tabora. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo alikuwa ameifunga njia ya Ujiji kwa vita, na Stanley akangoja majuma mengi kabla ya kuzunguka kwa kusini. Leo treni inapita Urambo, nchi ya Mirambo, bila kumwomba mtu ruhusa. Mimi kila nikifika hapo huwaamsha walio karibu nami waangalie nje, hata kama ni msitu wa miombo tu.

Chukueni Tabora usiku mbili. Asubuhi mtasalimiwa mwangaluka. Mtakula ugali kwa karanga na mlenda, mtanunua michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na asali ya miombo, ile nyeusi nzito inayokataa kutoka kwenye chupa. Siku inayofuata mtashuka Kigoma mtasalimiwa mwakeye, ugali umekuwa wa muhogo, na mgebuka, samaki wa ziwa letu, amepikwa kwa mawese mpaka sahani ina rangi ya machweo. Safari ni ya usiku mmoja tu, na mmebadilishiwa lugha, chungu na hewa. Zaidi ya makabila 120 tunayoambiwa darasani mtoto huyaelewa akiyakuta hivi, mezani.

Kuna jambo jingine ambalo ratiba hazitaji: mwezi. Dagaa wetu huvuliwa usiku wa giza kwa taa, wakifuata mwanga. Giza likiwa zito, simameni ufukweni baada ya isha mtaona taa zimejipanga mpaka mwisho wa macho, utadhani kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji. Asubuhi dagaa wanaanikwa, na harufu yake inawasindikiza mpaka stesheni. Mkija wakati wa mbalamwezi mitumbwi imelala na hakuna wa kuwaonyesha. Pia mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kwa miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, samaki wapate kuzaliana. Aulizie na hilo anayepanga kuja katika miezi hiyo.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mkichapa tena ukurasa wa likizo, wekeni siku za treni ya Kigoma, na pembeni yake tarehe za giza la mwezi. Nafasi ya vidole viwili inatosha.

Mdogo wangu anarudi Septemba. Safari hii ana siku tisa, na yule mtoto mdogo atabaki kwangu Ujiji wenzake wakienda Gombe. Usiku wa kwanza na wa pili watalala Tabora. Nimeshamwagiza mama mmoja wa stesheni awawekee dumu la asali la lita tano.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma