Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Tanga: ujazo uanzie ng'ambo ya reli

Ndugu Mkurugenzi,

Assalaam aleykum, na pole na kazi.

Barazani kwetu Ngamiani siku hizi bao linachezwa nusunusu. Mtu anashika kete mkononi na kusahau alikuwa anakwenda wapi, maana mazungumzo ni mengine: eti mpango wa matumizi ya ardhi unapitiwa upya, Ngamiani itapandishwa ujazo, yaani watu na majengo yaongezwe kwenye eneo lilelile, nyumba za Kiswahili zitapisha maghorofa. Mmoja anasema ghorofa nne, mwingine sita. Muuza kahawa, ambaye husikia kila kitu kabla yetu, anasema madalali wameshaanza kupita wakiuliza mwenye hati ni nani. Kama ni maneno ya barazani tu, nisamehe kwa kukupotezea muda. Kama yana ukweli hata robo, naomba barua hii ikufikie kabla mchoro haujagongwa muhuri.

Nikuondolee shaka mapema: mie si mpinzani wa ujazo. Nimezaliwa ndani yake. Nyumba aliyotuachia babu ina vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi katikati, baraza mbele na ua nyuma. Leo inalaza watu 19, yaani mama yangu, familia yangu, na wapangaji wa vyumba vinne. Choo kimoja, bafu moja, bomba moja. Anayetaka kujua maana ya ujazo wa juu asihangaike na kanuni, aje uani kwetu alfajiri aone ndoo zilivyopanga foleni.

Na ninajua watu wanaongezeka. Sensa ya 2012 ilitukuta 273,332 katika Jiji hili, ya 2022 ikatukuta 393,429. Sisi tuliozoea kutamba kwamba Tanga ni ya waja leo waondoka leo tukubali tu: wajao siku hizi wanakuja na magodoro. Watu laki moja na ushee ndani ya miaka 10 lazima walale mahali, na dawa yetu imekuwa kuwasogeza mbali, huko Kange, Pongwe na kwingineko, bomba la maji na nguzo ya umeme zikiwafuata nyuma zikihema. Nina rafiki ni fundi baiskeli karibu na soko la Mgandini. Alipata kiwanja Pongwe, akajenga, akahama. Sasa anafunga kibanda mapema awahi daladala. Fundi baiskeli, ndani ya Tanga, mji tambarare ambao hata shangazi zetu wazee wanaendesha baiskeli, anarudi nyumbani kwa daladala! Kwa hiyo anayesema tuujaze mji kabla ya kuutandaza anasema la maana. Ninachouliza ni kwa nini kujaza kuanzie kwetu.

Toka Ngamiani, vuka reli, pita mjini, shika njia ya Bombo mpaka Raskazone. Nenda kwa miguu ili uone vizuri. Miti mikubwa, upepo wa bahari, ukuta mrefu, geti, ukuta mrefu tena, geti jingine. Kiwanja kimoja cha kule kinaweza kumeza nyumba kadhaa za Ngamiani na baraza zake, na ndani yake ukakuta familia moja, mlinzi na mbwa.

Mgawo huo hatukuuchora sisi. Wajerumani waliofanya Tanga bandari yao, wakaanza kujenga reli ya Usambara mwaka 1893, na Waingereza waliorithi kutoka kwao, waligawa miji ya nchi hii kwa rangi ya ngozi. Wazungu wakapewa upepo na nafasi, Wahindi wakapewa mitaa ya maduka, na Waswahili wakapelekwa upande wetu huu wa reli, kwenye viwanja vidogo vilivyopangwa kama mashimo ya bao, barabara zikaitwa kwa namba. Uhuru ulipokuja, maneno yale ya rangi yakafutwa. Uzunguni pakawa ujazo wa chini, Uhindini ujazo wa kati, Uswahilini ujazo wa juu. Viwanja vyenyewe havikusogea hata hatua moja. Kwa hiyo mpango ukisema eneo la ujazo wa juu liongezwe ujazo, na la ujazo wa chini liachwe lilivyo, ni kama kumwongezea mzigo punda aliyekwisha kubeba huku mwingine anakula majani kivulini.

Nimesoma kwamba mji wa Minneapolis, Marekani, ulipopitisha mpango wake mpya Desemba 2018, uligusa vile viwanja ambavyo kwa sheria vilikuwa vya nyumba ya familia moja tu, ukaruhusu kila kimoja kibebe makazi matatu. Na walikiri hadharani kwamba mipaka ile ya zamani ilikuwa na harufu ya ubaguzi. Sisemi tuwaige Wamarekani, wao wana theluji yao na mambo yao. Ila walijua penye nafasi ndipo pa kuanzia.

Sasa nikueleze siku choo chetu kinapojaa, maana hili halitoonekana kwenye mchoro.

Bomba la majitaka halijafika mtaani kwetu, tunatumia shimo. Gari la kunyonya haliwezi kuzunguka nyuma kwa sababu nyuma yetu ni mgongo wa nyumba nyingine. Linaegeshwa barabarani, na mpira wake, mnene kama paja la mtoto, unaburutwa juu ya baraza, unaingia mlango wa mbele, unapita ukumbini katikati ya milango sita mpaka uani. Wapangaji wanaingiza majiko vyumbani. Watoto wanatumwa kwa jirani. Mama anafunika sufuria ya mchuzi kwa sinia, na juu ya sinia anatandika kanga. Vijana wa gari wakimaliza wanauvuta mpira kurudi, na wawe waangalifu vipi, matone lazima yabaki sakafuni. Tunadeki mara tatu, tunachoma udi, na usiku ule hakuna anayekula ukumbini. Chukua shimo hilohilo, Ndugu Mkurugenzi, uliweke chini ya ghorofa nne.

Mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi wa kutunza mazingira, ikapata zaidi ya shilingi bilioni 50 za kuboresha maji, na mie nilikuwa miongoni mwa waliofurahi. Lakini maji yakiingia mengi yatatoka mengi. Kabla ya kuruhusu ghorofa ya kwanza Ngamiani, tunataka kuona mtaro wa kwanza umechimbwa.

Kuna jambo jingine ambalo naona wapangaji wa miji wanalichanganya: jengo refu si lazima liwe na watu wengi. Kariakoo ilikuwa na nyumba kama zetu, vyumba sita na ua. Leo panda ngazi zake. Chini duka, juu duka, juu yake stoo ya mabegi, juu tena stoo ya vitenge. Wengi waliokuwa wakilala pale wamesukumwa pembezoni mwa Dar, na asubuhi wanarudi wamebanwa kwenye mabasi kuja kuuza palepale walipozaliwa. Ujazo wa saruji unaweza kupanda bila wa watu kupanda nao. Na Novemba 16, 2024, ghorofa likaporomoka hapo Kariakoo, watu wakafia ndani, nchi nzima ikashinda siku kadhaa ikisikiliza habari za waokoaji. Mpango wenu ukihesabu ghorofa bila kuhesabu vitanda, Ngamiani itakuwa ghala la mali inayoshuka bandarini. Wekeni sharti kwamba anayevunja nyumba ya vyumba sita aonyeshe anarudisha vyumba vingapi vya kulala watu, tena vya kodi ya aina ya wapangaji wetu, ambao ni mama ntilie, kuli, mlinzi na mwanafunzi.

Halafu kuna stara. Jirani wa nyuma alijenga ghorofa miaka michache iliyopita. Moja tu juu, wala si mtu mbaya, tunazikana na kuozeshana. Lakini madirisha yake manne yanatazama uani kwetu. Ua kwetu sisi si nafasi iliyobaki baada ya kujenga. Ndipo wanawake wanapooshea nywele, wanapokunia nazi, wanapokaa bila mtandio baada ya adhuhuri. Mama amefunga turubai la buluu kutoka ukutani hadi kwenye mwembe. Linamkinga na macho, na linamnyima upepo. Msimu wa kusi, ambao upepo wake zamani ulipita mlango wa nyuma ukatokea wa mbele, sasa ukumbi ni kama tanuri la mkate. Umbali wa kutoka mpakani, upande wa madirisha, na kiasi cha ua kinachobaki wazi ni vitu vinavyoandikika kwenye kanuni. Viandikeni. Mchoraji atakayesema haiwezekani kujenga juu bila kuchungulia chini, mpeleke Mji Mkongwe, Unguja, aone wazee walivyofanya kwa mawe na chokaa.

Jambo la warithi nalo ni zito. Nyumba nyingi za Ngamiani ni za urithi. Ya kwetu ina warithi 11, wengine Dar, mmoja Mombasa, mmoja hatujui hasa yuko wapi. Ujazo ukipanda, bei inapanda usiku mmoja, na dalali hahitaji kuwashawishi wote 11. Anamtafuta mmoja mwenye mgonjwa au mwenye deni. Kuanzia hapo ni mahakamani, na mwisho wake nyumba inapigwa mnada na kila mmoja anaondoka na fedha za kununua pikipiki. Ilhali tangu mwaka 2008 tuna sheria inayoruhusu mtu amiliki sehemu ya jengo kwa hati yake mwenyewe. Warithi wanaweza kujenga ghorofa mbili, kila tawi la ukoo likapata hati ya sehemu yake, na vyumba vya wapangaji vikabaki. Wengi hawajui kama sheria hiyo ipo. Wanaojua hawana fedha za msanifu. Mafundi wetu kujenga wanajua, kuchora ndiyo shida. Jiji lingetoa ramani za mfano, nyumba ya Kiswahili ya ghorofa mbili yenye baraza, ukumbi na ua, zilizokwisha kupitishwa na wahandisi, mtu akaichukua kwa ada ndogo na kibali chake. Hilo lingeongeza watu Ngamiani kuliko jengo lolote la mwekezaji.

Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inataka wenye ardhi waitwe na rasimu iwekwe hadharani. Naomba wito huo usiishie kwenye ubao wa matangazo ofisini, nyuma ya kioo, kwa herufi zinazohitaji miwani. Leteni mchoro huku, baada ya swala ya alasiri, uwe mkubwa wa kutosha kila mtu aweke kidole kwenye nyumba yake. Wapangaji nao waitwe. Wao si wenye ardhi, lakini kati ya watu 19 wa nyumba yetu ndio walio wengi. Na kwenye mchoro huohuo Raskazone ionekane, tuone rangi yake imebadilika au la.

Ukipenda kuja mwenyewe kabla ya hapo, karibu. Kahawa ipo, na mama amesema atapika mihogo ya nazi. Ila ameniagiza nikuombe uje asubuhi mapema, jirani wa nyuma akiwa hajafungua madirisha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Ngamiani