Bibi yangu hakuwa "mwanamke wa zamani"

Mhariri, naomba kanafasi kidogo gazetini kwako niseme kuhusu hivi vitabu vikubwa vya picha vya historia na utamaduni wa maeneo, vile vya jalada gumu na karatasi inayong'aa, vinakaa mezani sebuleni mgeni apitishe macho. Navipenda sana, tena sana tu, ila kuna kitu kinanikera.

Juzi nafungua kimoja, nakutana na bibi yangu mzaa mama, ukurasa mzima! Nikafurahi mpaka nikaita watoto. Halafu nikasoma chini: "Mwanamke wa zamani". Basi. Jina hamna, mwaka hamna, mahali hamna, aliyepiga hajulikani. Mfadhili yeye kapewa ukurasa wake mbele na nembo juu.

Nikazidi kumwangalia bibi nikaona kovu lake liko shavu la kulia, wakati sisi aliotulea tunajua lilikuwa la kushoto, kumbe picha imegeuzwa. Negativu ya zamani, ile filamu au kioo cha kusafishia picha, ukiiskani upande usio wake kila kitu kinahama, na dalili huwa zipo ukizitafuta, maandishi ya kwenye bango yanasomeka kinyume, vifungo vya shati la mwanaume vinahamia upande wa wanawake. Hakuna aliyekagua, au alikagua akiwa na haraka ya kwenda kula.

Kurasa za picha za kale zaidi ndo usiseme. Wameandika ati watu wa enzi hizo walikuwa wakali hawacheki. Jamani! Yule Mfaransa Daguerre alipotangaza ufundi wake wa kupiga picha mwaka 1839 mtu alikuwa anakaa mbele ya kamera dakika kadhaa bila kutikisika, na hata ulivyoboreshwa bado ilibidi utulie, sasa wewe jaribu kutabasamu dakika nzima uone mashavu yatakavyokutetemeka. Na picha nyingine zilipangwa studio, mpigapicha analeta nguo zake mwenyewe anakuvisha, leo kitabu kinatuambia hilo lilikuwa vazi la kila siku.

Mambo ya uchapaji sitaki kuyamaliza, ila picha ya pikseli 1,200 kwa upana, yaani vile vidoa vidogo vinavyoijenga kwenye kompyuta, ukiichapa kwa nukta 300 kwa inchi inatosha inchi 4 tu, wao wanaitandaza kurasa mbili mpaka nyuso zinakuwa uji, na aliyekaa katikati anamezwa na mshono wa kitabu. Mara nyingi wa katikati ndo mwenye shughuli yake!

Ombi langu kwa wachapishaji ni dogo, kabla hamjapeleka mtamboni chapeni nakala za kawaida, wapelekeeni wazee wazishike mkononi na muwaache wabishane, huyu fulani, hapana huyo ni mdogo wake, mabishano hayohayo ndo yanatoa majina. Yaandikeni nyuma kwa penseli laini, sio kalamu ya wino, inapenya mpaka mbele. Na mwisho wa kitabu wekeni faharasa ya majina ya watu, maana mtu akishika kitabu cha kwao anaanza kutafuta ndugu zake kwanza.

Aliyetoa kile kitabu akitaka kutoa toleo la pili anitafute kupitia gazeti hili, nitampa jina la bibi na la baba yake, na nitamwonyesha kovu linakaa upande gani.

Mjukuu, msomaji wenu