Mabua tunayoyachoma ni chakula cha udongo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakulima wenzangu wa Ruvuma, pamoja na wengine wote wanaosafisha mashamba kwa kiberiti. Tuache kuchoma mabua. Ninaandika sasa kwa sababu msimu wa moto umeshawadia. Ukitoka Songea kuja Mbinga siku hizi unaona moshi huku na huku, na miteremko iliyokuwa na mahindi imebaki myeusi hadi ukingoni mwa vijito.

Nilifundisha Baiolojia sekondari mpaka nilipostaafu, na sasa nalima mahindi, maharage na kahawa kidogo. Hoja yangu naianzia mbali sana na Mbinga, kwenye barafu ya Antaktika, kwa kuwa huko ndiko kazi ya viumbe wa udongoni inakoonekana waziwazi.

Machi 2024 alifariki Marekani mwanasayansi aliyeitwa Diana Wall, profesa wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado. Nilitegemea kusoma habari zake katika magazeti yetu, sikuziona. Mama huyu alisomea magonjwa ya mimea, akabobea kwenye nematodi, yaani minyoo midogo isiyoonekana kwa macho matupu. Wakulima wa nyanya wanawafahamu baadhi yao kwa jina la minyoo fundo, maana wakiingia kwenye mizizi inavimba mafundo mafundo na mche unadumaa. Kwa ajili ya hao wachache, wengi wetu tunadhani kila nematodi ni adui. Sivyo. Walio wengi hawana habari na mzizi wa mtu; wanakula bakteria na kuvu. Bakteria huwa wameshika naitrojeni miilini mwao, na nematodi akishawala, ile inayomzidi anaitoa, mmea unaipata. Mkulima anaponunua urea ananunua naitrojeni hiyohiyo.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 Profesa Wall alikuwa akienda Antaktika kuchimba udongo katika mabonde makavu ya McMurdo. Ni mahali pa ajabu. Karibu bara lote limefunikwa na barafu, lakini katika mabonde hayo ardhi iko wazi, mchanga na mawe, hakuna jani wala mti, na theluji inayoanguka kwa mwaka mzima ukiiyeyusha haifikii milimita 100 za maji. Kapteni Robert Scott wa Uingereza alipofika huko mwaka 1903 aliona kwamba hakuna kitu hai. Kuna mizoga ya sili waliopotea njia kutoka baharini wakafia humo, na baadhi imelala hapo kwa mamia ya miaka, ngozi ikiwa bado juu ya mifupa. Haikuoza kwa sababu wa kuiozesha karibu hawapo, na hao wachache waliopo baridi na ukavu vimewafunga mikono.

Hata hivyo Profesa Wall alipouchunguza mchanga ule kwa darubini aliwakuta nematodi. Aina zenyewe ni chache, unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Maji yakikauka, mnyoo hujikunja kama koili ya kufukuzia mbu, anapoteza karibu maji yote ya mwilini, anatulia hivyo hata kwa miaka, na upepo unaweza kumpeperusha akaangukia bonde lingine. Maji yakirudi, anajikunjua na kuendelea kula. Nilipokuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu habari hii, darasa zima lilikuwa linanyamaza, hata wale wa dawati la nyuma.

Kwa nini ahangaike kwenda mpaka huko? Katika kiganja cha udongo wa Mbinga kuna viumbe wa aina nyingi kiasi kwamba ukimwondoa mmoja huwezi kusema kwa uhakika ni kipi kilichobadilika kwa sababu yake. Kule wapo wachache, kwa hiyo mmoja akipungua pengo lake linapimika. Mnyoo aliyetawala mabonde yale anaitwa Scottnema lindsayae. Kati ya mwaka 1993 na 2005 idadi yake katika sehemu moja ya Bonde la Taylor ilishuka kwa zaidi ya nusu, na Profesa Wall na wenzake wakaonyesha kwamba kaboni inayozungushwa na udongo ule nayo ilipungua. Mnyoo mmoja tu, asiyefika hata milimita mbili.

Sasa turudi kwenye mashamba. Profesa Wall aliongoza jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008. Nyasi kavu za aina moja zilifungwa kwenye vifuko vya wavu na kuwekwa ardhini katika vituo 30 kwenye mabara sita, kuanzia nchi za joto na mvua hadi nchi za baridi za kaskazini ya mbali. Baadhi ya vifuko viliachwa hivihivi. Vingine viliwekewa nafthalini, ile ya vidonge vyeupe tunavyotupia sandukuni ili mende wasiingie kwenye nguo, ili kuwafukuza wadudu wadogo wa udongoni. Baada ya muda vikakusanywa na kupimwa. Kwenye baridi kali au ukame, kuwapo au kutokuwapo kwa wadudu hakukuleta tofauti ya maana, kwa kuwa hali ya hewa yenyewe ilizuia kuoza. Lakini katika nchi za wastani na zile za joto lenye mvua, vifuko vyenye wadudu vilioza haraka zaidi.

Naomba msomaji aitafakari tofauti hiyo kidogo, kwa kuwa sisi tuko upande wa pili. Mbinga tunapata mvua kwa miezi mingi, kuanzia Novemba mpaka Aprili au Mei. Joto tunalo. Sili wa Antaktika hana wa kumuozesha. Sisi wafanyakazi tunao, na wanafanya kazi bure usiku na mchana. Wanachodai ni chakula, nacho ni mabua, majani ya maharage, magugu tuliyopalilia na manyasi ya pembeni. Moto wa mabua haushuki chini sana ardhini, na sitawatisha wakulima kwamba unaunguza kila kiumbe. Sentimita chache tu chini, udongo hubaki wa baridi. Wanaosalimika hapo ndio tunaowanyima chakula mwaka baada ya mwaka, mpaka wanapungua, na udongo unakuwa mwepesi, unakwenda na maji.

Nimezoea kujibiwa kwamba majivu ni mbolea. Ni kweli, majivu yana potasiamu, chokaa na fosforasi. Lakini naitrojeni iliyokuwa kwenye mabua karibu yote imepaa na moshi, na majivu yenyewe kwenye miteremko yetu hayadumu. Mvua kubwa ya kwanza ya Novemba inayashusha mtoni. Nimesimama kwenye daraja la miti chini ya shamba langu nikayaona maji yakipita meusi, na mwenye shamba la juu alikuwa amechoma wiki hiyohiyo.

Sisi Wamatengo, wenyeji wa Mbinga, tulikuwa na jibu la jambo hili kabla ya vyuo vikuu. Kilimo cha ngoro kinaanza kwa kufyeka nyasi, kuziacha zikauke, kisha kuzipanga kwa mistari inayokatana mpaka shamba zima linakuwa la miraba. Kazi hiyo kwa kawaida ni ya wanaume. Kisha wanawake wanachimba udongo katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya nyasi. Inabaki shimo katikati na tuta kuzunguka pande zote nne, na ndani ya tuta nyasi zinaoza taratibu. Shimo linakamata maji ya mvua yasiteremke na udongo. Magugu yanayopaliliwa baadaye nayo yanatupwa humo shimoni. Miaka ya 1990 wataalamu wa SUA, yaani Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walikuja Umatengo kulichunguza hili kwa vipimo, na wakulima wazee waliwapokea vizuri.

Ukiangalia kwa makini mpangilio wa mazao katika ngoro, unaona akili iliyomo. Nyasi zinafukiwa karibu na Machi, mvua ikiwa bado ipo. Kinachopandwa kwanza juu ya tuta ni maharage. Mahindi yanafuata msimu unaokuja. Nyasi kavu na mabua vina kaboni nyingi na naitrojeni kidogo sana. Bakteria wakianza kuvila, naitrojeni inayowapungukia wanaichukua kwenye udongo, na mmea uliopo hapo unabaki na njaa. Maharage yanastahimili, kwa kuwa yana vinundu mizizini vyenye bakteria wanaotengeneza naitrojeni kutoka hewani. Mahindi yanapofika zamu yake, nyasi zimeshalainika na zimeanza kutoa badala ya kuchukua. Bibi yangu hakuwahi kusikia habari za naitrojeni, lakini kamwe hakupanda mahindi juu ya nyasi mbichi.

Ndiyo maana nawaelewa vijana wanaoniambia, "Mwalimu, nilifukia mabua kama ulivyosema, mahindi yakawa ya njano." Wanasema kweli. Siku hizi wengi wameiacha ngoro, wanalima sesa, yaani kulima bapa bila matuta, kwa sababu ngoro inachosha na vibarua ni ghali. Mabua yanakaa shambani mpaka Oktoba, wanayafukia mwishoni, wiki mbili baadaye wanapanda mahindi juu yake. Kwa mpango huo mahindi lazima yawe ya njano. Mabua yanapaswa kulazwa chini mara tu baada ya kuvuna. Yakilala bapa juani, funza wa mabua waliojificha ndani wengi wanakufa kwa joto na ukavu, na hofu hiyo ya funza ndiyo sababu nyingine kubwa ya watu kuchoma. Kisha yakatwekatwe, yachanganywe na majani ya maharage au samadi, na asiyekuwa na nguvu za kufukia ayapange kwa mistari ya kukinga mteremko, apande katikati ya mistari. Mchwa watakuja. Waacheni na mabua makavu. Wakipata cha kula pale chini hawana haja kubwa na mhindi uliosimama, na njia wanazochimba zinaingiza maji ardhini.

Panya nakubali ni tatizo, na hapo sina dawa zaidi ya kutoacha malundo makubwa karibu na nyumba.

Kwa walimu wenzangu walio bado kazini, jaribio la vifuko halihitaji maabara ya kifahari. Tulikuwa tunalifanya na Kidato cha Tatu kwa chandarua kilichochakaa, kitambaa chepesi cha kushonea, uzi na mizani ya dukani. Majani makavu ya mahindi yanapimwa, nusu yanatiwa kwenye vifuko vya kitambaa chenye matundu madogo sana, nusu kwenye vifuko vilivyokatwa matundu makubwa ya kupitisha mchwa na majongoo. Vyote vinafukiwa kimo kimoja kwenye bustani ya shule mvua zinapoanza, na kufukuliwa mwishoni mwa muhula. Wanafunzi wenyewe wanavifungua. Kwenye kitambaa majani yamegeuka rangi na kulainika, yamefungwa na nyuzi nyeupe za kuvu, lakini bado unayatambua kuwa majani. Kwenye matundu makubwa mara nyingi unakuta mishipa ya jani tu, imesimama kama uzi, na udongo uliogandishwa na mchwa umejaa mahali palipokuwa na majani. Mtoto wa mkulima aliyekishika kifuko hicho mkononi hahitaji kuhubiriwa. Wengine walikwenda kuwaonyesha baba zao.

Nakuomba wewe, Mhariri, jambo moja. Ukurasa wenu wa kilimo unatuletea bei za mbolea, mbegu mpya na dawa za viwavi, na tunaushukuru. Sijausoma ukitueleza nini kinachoendelea ndani ya udongo wenyewe. Wapeni nafasi watafiti wa TARI Mlingano, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, au wa SUA waandike kwa Kiswahili chetu cha shambani, wajibu maswali ambayo mimi siwezi kuyajibu kwa uhakika: mabua yaliyolazwa Julai kwenye baridi ya milimani Mbinga yanahitaji muda gani kuoza kuliko yale ya joto la Ziwa Nyasa kule chini? Mkulima asiye na ng'ombe achanganye mabua na nini? Na kwenye shamba lililochomwa kwa miaka mingi mfululizo, viumbe hao wakianza tena kupewa chakula, wanarudi baada ya misimu mingapi? Majibu yakitoka kabla ya Novemba, kuna mabua mengi ambayo bado yamesimama.

Mwalimu mstaafu wa Baiolojia,
Mbinga, Ruvuma